Mtihani wa Ulimi Katika Nchi ya Migori

Boma la kwanza la serikali ya Waingereza katika nchi ambayo leo ni Kaunti za Migori na Homa Bay lilijengwa Karungu, ukingoni mwa Ziwa Victoria, mwanzoni mwa karne ya 20, kisha makao yakahamishiwa Kisii. Na tangu siku hizo dola ile ilikabiliwa na shida isiyotatuliwa kwa bunduki, nayo ni kwamba afisa alisema Kiingereza, askari na makarani wake walisema Kiswahili, na raia waliokuja barazani walisema Dholuo, Kikuria, Kisuba au Ekegusii, hata daawa ya ng'ombe mmoja ikaweza kupita vinywani mwa wakalimani wawili kabla ya kufika sikioni mwa hakimu. Katika shida hiyo ndimo ulimozaliwa mtihani wa lugha ngeni katika nchi yetu, na waliotahiniwa kwanza hawakuwa watoto wetu, bali wageni waliokuja kututawala na kutuhubiria.

Wamisionari hawakuwa na baraza la kuwatahini. Arthur Carscallen, Mwadventista kutoka Kanada, alifika Gendia, jirani na Kendu Bay, mwezi wa Novemba 1906, akifuatana na Peter Nyambo wa Nyasaland, na mbele yake palikuwa na lugha ambayo vitabu vyake vilikuwa haba mno, wala hapakuwa na mwalimu wa kumsahihishia daftari. Mtahini wake alikuwa yeyote aliyeketi kumsikiliza: akielewa, mgeni amefaulu, akicheka mahali pasipochekesha, mgeni arudi akajifunze. Kwa njia hiyo Carscallen aliipata Dholuo, akaitungia sarufi, na Gendia ikawa na mtambo wa kupiga chapa vitabu vya lugha hiyo.

Serikali, kama ilivyo desturi ya serikali, iliutia mtihani katika kanuni. Maafisa walitakiwa wafaulu Kiswahili, kwa daraja ya chini na daraja ya juu, na kuthibitishwa kazini kukafungamana na matokeo. Na jambo ninalotaka msomaji alizingatie ni kwamba mtihani huo ulikuwa na sehemu ya kalamu na sehemu ya mdomo, kwa kuwa hakimu mwandishi hodari asiyeweza kumhoji shahidi angekuwa hasara tupu. Baada ya mkutano wa Mombasa wa 1928 kuichagua lahaja ya Unguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, Frederick Johnson akiwa katibu wake wa kwanza, mizani ya ufasaha ilijulikana. Walakini bara ilikuwa na Kiswahili chake. F. H. Le Breton alitoa mwaka 1936 kitabu cha mazoezi ya Kiswahili cha bara kwa ajili ya askari, mlowezi, mchimba madini na mfanyabiashara, lugha iliyovuliwa ngeli zake nyingi kama samaki aliyeparuliwa magamba. Nami naamini kwamba katika machimbo ya Macalder, walikokutana watu wa makabila mengi kutafuta dhahabu na shaba, ilisikika zaidi lugha ya namna hiyo kuliko ile ya Kamati.

Uhuru ulipopatikana, meza iligeuzwa: mgeni akaondoka kitini pa mtahiniwa, akaketi mtoto wa Migori. Tume ya elimu ya Ominde ya 1964 ilitaka Kiswahili kifundishwe shuleni, Tume ya Gachathi ya 1976 ikakitilia mkazo, na mfumo wa 8-4-4 ukakifanya somo la kutahiniwa katika shule za msingi tangu 1985, na la lazima katika mtihani wa kidato cha nne ulioanza 1989. Hayo yote ni mema. Ila katika kugeuza meza, ulimi ulisahauliwa. Mtahiniwa wa Kiswahili hupewa karatasi tatu, za insha, lugha na fasihi, naye huzijibu zote kwa kalamu. Hata sauti za lugha, zinazotoka midomoni na kooni, huelezwa kwa wino. Mwenzake wa Kifaransa, kwa upande wa pili, hukaa ana kwa ana na mtahini akazungumza. Basi tunauliza kama kijana anaweza kunena lugha ya Paris, wala hatuulizi kama anaweza kunena lugha ya Lamu!

Hasara yake huonekana zaidi kwetu kuliko pwani. Dholuo haina sauti za *sh* na *z*, kwa hiyo *shamba* huwa *samba*, na *zawadi* huwa *sawadi*, na mwanafunzi anaweza kupata alama ya juu kabisa bila ya sikio la mtahini kuyasikia hayo hata mara moja. Isebania mambo ni mengine: mtoto wa Kikuria, ambaye lugha yake ni ya Kibantu, huvuka mpaka hadi Sirari kununua sukari na kusikia Kiswahili cha Tanzania, na sokoni hapo hutahiniwa kwa mdomo kila siku.

Vyuo vya ualimu, kama Asumbi na Migori, havikuuacha kabisa mtindo wa kale, kwani mwalimu mwanafunzi hupimwa akiwa mbele ya darasa, na jalada lake la maazimio ya kazi na maandalio ya masomo likiwa mikononi mwa mkaguzi aliyeketi nyuma. Na wanafunzi wa ualimu wa Chuo Kikuu cha Rongo, kilichopata hati yake mwaka 2016, hupitia njia hiyo hiyo. Mtaala mpya wa umilisi nao umerudisha majalada ya kazi kwa watoto wa shule, na umekuweka kusikiliza na kuzungumza mwanzoni mwa stadi za lugha.

Kwa hiyo Baraza la Mitihani la Kenya halihitaji kubuni jambo jipya. Lina watahini wa mazungumzo ya Kifaransa. Na liteue wa Kiswahili, liwatume mpaka Karungu na Muhuru Bay, wakaketi na watoto wa wavuvi na kuwauliza habari za omena.