Sauti Juu ya Picha: Muvi Zilivyofika Rulenge

Mwishoni mwa 1952 kampuni ya MGM ya Marekani ilipiga mahema kando ya Mto Kagera, upande wa Tanganyika. Mwongozaji alikuwa John Ford, na waigizaji wake wakuu Clark Gable, Ava Gardner na Grace Kelly. Picha yao, Mogambo, ilitoka mwaka uliofuata na kuwapatia Gardner na Kelly uteuzi wa tuzo za Oscar. Mto huohuo ukiufuata kuelekea ulikotoka, utafika Rusumo, mpakani mwa Ngara na Rwanda, si mbali na Rulenge. Lakini mtaje Gable kwa mtu aliyekulia kwenye mabanda ya video ya Kagera, atakuuliza huyo ni nani. Mtaje John Matrix wa Commando, hapo mtakesha.

Rulenge ni mji mdogo wa wilaya ya Ngara, zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam. Huko picha haikufika kwa sababu ilisifiwa magazetini. Ilifika kwa kuwa kuna aliyeibeba, ikabaki vichwani mwa watu kwa kuwa kuna aliyeisimulia. Nyingine, nzuri vilevile, zilikosa mbebaji zikasahaulika.

Usimulizi huo ni wa zamani kuliko video. Kati ya 1935 na 1937, mradi wa majaribio wa sinema za elimu uliokuwa Vugiri, kwenye milima ya Usambara, ulitengeneza picha fupi kuhusu kilimo, afya na kodi, kisha ukazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda na kwingineko. Picha zilikuwa bubu. Maelezo yalirekodiwa kwenye sahani za santuri, kwa lugha mbalimbali za watazamaji. Magari ya sinema ya serikali yaliyokuja baadaye yalikuwa na mfasiri mwenye kipaza sauti, na mara nyingi ni yeye aliyewafanya watu wacheke au wanyamaze.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 zikaja picha za hadithi zenye mazungumzo ya Kiswahili. Katika Muhogo Mchungu aliigiza kijana mtumishi wa serikali, Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye Januari 1962 alikuwa Waziri Mkuu. Hebu fikiria: nchi ambayo Waziri Mkuu wake aliwahi kuwa steringi wa sinema! Hata hivyo, leo ukilitaja jina Muhogo Mchungu, wengi humkumbuka mchekeshaji mzee Abdallah Mkumbila, wala hawajui kwamba kulikuwa na picha.

Kampuni ya Filamu Tanzania iliyoanzishwa 1968 nayo ilikosa mbebaji. Mwaka 1976 ilitoa Fimbo ya Mnyonge, picha kuhusu vijiji vya ujamaa. Kama kulikuwa na jimbo Katoliki la kuitazama kwa macho mawili, ni Rulenge. Askofu wake tangu 1969, Christopher Mwoleka, alikuwa amehamia kuishi na wanakijiji katika kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akishika jembe kama wao. Arusi ya Mariamu, iliyotoka 1985, nayo ilisifiwa kwenye matamasha ya nje huku Watanzania wengi wakiwa hawajaiona. Majumba ya sinema yalikuwa mijini na yaliishi kwa picha za Kihindi, za Marekani na za Hong Kong. Bara haikuwa na televisheni hadi 1994.

Pengo hilo lilizibwa na deki za video. Banda la video halikuhitaji mengi: mabati au maturubai, mabenchi ya mbao, televisheni moja, jenereta iliyowekwa mbali kidogo ili isiwazidi watu kelele, na ubao wa chaki mlangoni ulioandikwa picha za leo na za kesho. Ubao huo ndio uliokuwa trela ya watu wa huko. Jina likishaandikwa, ubishi unaanza: steringi ni nani, adui ni nani, na kama kweli ni "part two" au ni ileile ya mwezi jana iliyobadilishwa kava.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, wasimulizi wa Kampala walianza kufasiri picha kwa Kiganda papo hapo, mbele ya watazamaji. Ufundi huo ukavuka mpaka. Upande wa Tanzania, ambako msimulizi huitwa DJ, waliovuma zaidi ni Derek Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, na DJ Mark. Walianza kwa kusimulia mubashara, kisha kanda zao zikasambaa hadi mahali ambapo wao wenyewe hawakufika.

Tazama kazi yenyewe. Katika Commando ya 1985, Matrix anamning'iniza adui juu ya bonde kwa mguu mmoja, anamhoji, kisha anamwachia. Kwa Kiingereza, tukio hilo ni sentensi chache tu. DJ anaipunguza sauti ya picha, anamsuta adui kwa niaba ya Matrix, anawakumbusha waliochelewa kuingia kosa lake ni lipi, anatia utani wa mtaani, na mtu anapoanguka DJ anamsindikiza kwa maneno hadi chini. Picha ambayo wahakiki wa Marekani waliiona ya kupitisha muda ikawa darasa la kulipa kisasi. Kwa hiyo mashabiki hawakubishania mwongozaji. Walibishania sauti: nani kaifasiri vizuri zaidi.

Mpakani soko lilikuwa pana zaidi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, zaidi ya Wanyarwanda 200,000 walivuka daraja la Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi, na kambi ya wakimbizi ya Benaco, wilayani Ngara, ikageuka mji. Kambi kubwa za namna hiyo hazikukosa burudani: katika kambi za Goma, upande wa Kongo, hesabu ya biashara za wakimbizi ilikuta baa 2,324 na kumbi tatu za sinema. Ngara ilipata pia Radio Kwizera mwaka 1995, iliyoanzishwa kwa ajili ya wakimbizi na ikaendelea kusikilizwa na wenyeji.

Rwanda ikazaa usimulizi wake, agasobanuye, na nyota wake Yanga, aliyefariki 2022. Kihangaza, lugha ya wenyeji wa Ngara, kinakaribiana sana na Kirundi na Kinyarwanda, kwa hiyo Mhangaza anamfuata Yanga bila taabu, kisha anahamia kwa DJ wa Kiswahili. Muvi moja, vinywa viwili, na ubishi unaongezeka.

Muvi za Kiswahili zilipata mbebaji baada ya 2000, wasambazaji wa Kariakoo walipoanza kuzituma mikoani kwa kanda na baadaye DVD. Steven Kanumba, mzaliwa wa Shinyanga, akajulikana hadi Burundi na Kongo. Alipofariki Aprili 2012, mazishi yake Dar es Salaam yalijaza maelfu ya watu. Stempu za kodi za 2013 zilikusudiwa kuzuia nakala za wizi, lakini flashi na memori kadi hazina pa kubandikwa stempu.

Siku hizi trela huonekana kwenye simu siku ileile inapotoka Marekani. Shabiki anajua kwamba Avengers: Doomsday imepangiwa Desemba 2026, na anapanga mapema atamsubiri DJ gani. Wakati huohuo ipo Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto 2021 na kupelekwa Oscar 2022, ya pili kwa Tanzania baada ya Maangamizi ya 2001. Imejaa Kiswahili cha Unguja ya miaka ya 1950 na haihitaji DJ. Kinachokosekana ni jina lake kwenye orodha ya duka la kuingiza muvi kwenye flashi, katikati ya Fast and Furious na tamthilia za Kituruki.