Chumvi, Sukari na Mlango Mmoja

Ndugu Mhariri amenitaka niandike habari ya historia kwa jarida letu la mkutano. Sikuchagua vita wala wafalme. Nimechagua habari ya jambo lisiloonekana kwa macho, yaani jinsi chumvi inavyopita katika seli za utumbo. Wahitimu wenzangu, nanyi vijana mlioko madarasani, nivumilieni kidogo.

Mgonjwa wa kipindupindu huuawa na upungufu wa maji na chumvi mwilini. Zamani tiba ya kutegemewa ilikuwa dripu. Kumnywesha maji matupu, au maji yenye chumvi peke yake, hakukufaa kitu, kwani yalipita na kutoka. Aliyekuwa mbali na hospitali alikufa.

Mwezi Agosti 1960, katika mkutano wa wanasayansi mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alitoa maelezo mapya. Yeye hakuwa akitafuta dawa ya kipindupindu. Alikuwa akichunguza jinsi glukosi inavyoingia ndani ya seli za utumbo mwembamba. Wengine walikwisha kuona kwamba pasipo sodiamu, ambayo ni sehemu ya chumvi ya mezani, glukosi haifyonzwi vizuri. Crane alieleza sababu yake: katika utando wa seli upo mlango ambao ioni za sodiamu na glukosi hupita pamoja. Upande wa pili wa seli ipo pampu, ambayo kazi yake ilikwisha kuelezwa na Jens Skou wa Denmark mwaka 1957. Pampu hiyo huisukuma sodiamu kuelekea kwenye damu. Kwa kuwa ndani ya seli sodiamu hubaki kidogo, nyingine huingia kutoka utumboni, nayo huikokota glukosi. Chumvi na sukari zikishapita, maji hufuata.

Sumu ya kipindupindu huzifanya seli zimwage maji na chumvi kwa wingi, lakini mlango ule haiufungi. Hiyo ndiyo siri yenyewe.

Haki itendeke: mwaka 1953, huko Calcutta, daktari Hemendra Nath Chatterjee alikwisha kuwanywesha wagonjwa wa kipindupindu maji yenye chumvi na glukosi, nao wakapona. Lakini sababu ilikuwa haijaelezwa, na wakubwa wa tiba hawakumsikiliza sana. Mwaka 1968, mjini Dhaka, David Nalin na Richard Cash walithibitisha tiba hiyo kwa vipimo. Kisha mwaka 1971 vita viliwafukuza mamilioni ya watu kutoka Pakistani ya Mashariki kuingia India. Katika kambi ya Bangaon kipindupindu kilizuka na dripu zikapungua. Daktari Dilip Mahalanabis aliagiza kila lita ya maji itiwe gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi, na jamaa za wagonjwa wakawanywesha kwa vikombe. Vifo, vilivyokuwa karibu 30 katika kila wagonjwa 100, vilishuka hata kufikia chini ya 4 kwa wale aliowahudumia.

Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kwamba kugundulika kwa uhusiano huo wa sodiamu na glukosi huenda kukawa hatua kubwa kuliko zote za tiba katika karne ile.

Mimi ni mtumishi wa serikali, na kazi yangu ni kupitia makisio ya fedha. Najiuliza, lau makisio ya Crane yangeletwa mezani kwetu, tungeyapitisha? Nahofu tungemwuliza faida yake ni ipi mwaka huu, naye angekosa jibu. Hapana budi sisi wenye kalamu tulikumbuke hilo.

Nanyi wanafunzi, msomapo utando na ioni msiseme ni mambo ya mtihani tu. Pakiti ile ya chumvichumvi itolewayo zahanati ni somo hilohilo. Ichanganyeni yote katika lita moja kamili ya maji safi na salama, wala msiongeze sukari mkidhani mnaongeza nguvu, kwani ikizidi huvuta maji ya mwili kurudi utumboni. Kipimo ndicho dawa. Haya mkawaeleze na wazazi nyumbani.