Chakula cha Wataalamu

Jumapili ya tatu baada ya kumzika baba, mwanangu wa mwisho alituomba tusipike. Mama alikuwa amechoshwa na wageni wa msiba, nasi sote hatukuwa na hamu ya jiko. Kijana akasema ataagiza chakula cha Kichina kutoka Kinondoni, kiletwe na bodaboda hadi hapa kwetu Temeke. Chakula cha kufungiwa si kigeni kwetu. Chipsi mayai tumezibeba nyumbani miaka mingi. Lakini cha Wachina mama hakuwahi kukionja, na yeye ndiye aliyekuwa mke wa mtu wa reli.

Vikopo vikafunguliwa mezani: wali wa kukaanga wenye mayai na njegere, tambi ziitwazo chaumeini, kuku wa mchuzi mwekundu wenye utamu na uchachu, na vile vitu vya unga vilivyoviringishwa kama mkeka, kabichi ndani. Mama akauliza kwanza kama mkahawa ule hupika kitimoto. Hakuna aliyejua. Akamsogeza kuku pembeni, akaonja wali, kisha akauliza: "Hiki ndicho walichokuwa wakila wale wataalamu wa baba yenu?"

Baba aliajiriwa kibarua mwaka 1971, upande wa Mlimba. Vijana wa leo huenda wasijue uzito wa jambo lile. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi yalikwisha kukataa kuigharimia reli ya kwenda Zambia. China ikakubali, mkataba ukatiwa sahihi Septemba 1967, kazi ikaanza 1970, na Julai 1976 zikakabidhiwa kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi. Mkopo wake haukuwa na riba. Wachina zaidi ya 60 walifia katika nchi yetu, na makaburi yao yako Gongo la Mboto. Baba hakuwa msemaji sana wa siasa. Alichopenda kutusimulia ni bustani. Wataalamu, alisema, walikula peke yao, lakini kila walipopiga kambi walilima mboga kwanza, wakazimwagilia jioni baada ya kutwa nzima ya kuchimba mahandaki, mainjinia na mafundi pamoja. Yeye, mtoto wa mkulima, alishangaa kuona msomi ameshika jembe bila kuona haya.

Nilimjibu mama kuwa sivyo. Chakula kile mezani kina reli yake nyingine kabisa. Katika karne ya 19 watu wa Guangdong, kusini mwa China, walivuka bahari kwenda California kutafuta dhahabu, na kati ya 1865 na 1869 maelfu yao walijenga sehemu ya magharibi ya reli ya kwanza kuvuka Marekani, wakipasua milima kwa baruti. Shukrani waliyopewa ni sheria ya mwaka 1882 iliyopiga marufuku vibarua wa Kichina kuingia nchini. Wafanyabiashara hawakuguswa na marufuku ile, na mwaka 1915 mahakama ikaamua kwamba hata mwenye mkahawa aweza kuhesabiwa mfanyabiashara. Basi mikahawa ikaota kama uyoga! Mtu alifungua jiko apate kumleta ndugu yake. Naye mteja wa Kimarekani alipenda sukari na vya kukaanga, akapewa. Wali ule, chaumeini ile, na kuku yule mwenye mchuzi mtamu, vyote ni mapishi ya watu wa Guangdong yaliyolainishwa kwa ulimi wa mgeni. Orodha hiyo imezunguka dunia hata ikafika Kinondoni, na mwanangu akadhani ndiyo China nzima.

Nilisema haya kwa kirefu kuliko ilivyopasa mezani. Mama alinisikiliza, akafunika kikopo chake.

"Baba yako," akasema, "aliporudi likizo alinikataza kuichemsha chainizi."

Hilo sikulijua. Chainizi tumeila maisha yetu yote, tukinunua fungu kwa fungu pamoja na mchicha na matembele, wala sikuwahi kujiuliza jina lake limetoka wapi, ingawa linajitangaza lenyewe. Mama alizoea kuiunga kwa nazi hadi ilegee. Baba alikuwa akisema mboga imekufa. Aliwaona Wachina wakiikata vipande vikubwa, mafuta yakiwa moto sana, wakaigeuza mara chache na kuipakua ikiwa bado kijani. Waligombana juu ya sufuria ile, akasema mama, hata mtoto wa kwanza akazaliwa.

"Nani alishinda?" akauliza mwanangu.

Mama hakumjibu. Alimtuma genge la jirani kabla halijafungwa, akawasha jiko mwenyewe. Alisimama juu ya kikaango bila kukaa, akaiepua upesi, ingali inalia chini ya meno, akaila kwa ugali. Wali ulimalizwa na kijana.