Motokaa Isiyo na Wakala Karibu

Msomaji, mji wetu wa Machakos wajua maana ya kupitwa. Reli iliyofika Nairobi mwaka 1899 iliuacha kando, nasi tukabaki na barabara zetu za vilima na mawe. Kwa barabara za namna hiyo Mwingereza Joel Jackson alianzisha Kenya kampuni ya Mobius, akikusudia kuunda motokaa ngumu yenye bei nafuu. Mobius II ya kwanza haikuwa na madaha. Hata kiyoyozi ilikosa, ili bei ishuke.

Sasa fikiri kwamba ungalikuwa nayo hapa. Vipuri vya Toyota huuzwa mtaani, na kila fundi amekwisha kuifungua mara nyingi. Yako angeizunguka kwanza, kama mtu atazamaye mgeni aliyepotea njia, kisha angekuelekeza Nairobi, mwendo wa kilomita 60 hivi. Bei nafuu huliwa hapo.

Agosti 2024, kampuni ikielemewa na madeni na kodi, ilitangaza kwamba itafungwa. Haukupita muda mrefu ikapata mnunuzi kutoka ng'ambo. Lakini katika siku zile mwenye motokaa hiyo hakuwa na haja ya kuuliza bei ya kipuri. Alikuwa na haja ya kujua ni nani atakayekiuza.