Jina Langu Halikuwa Kwenye Kijitabu cha Mazishi

Leo tuongee historia, lakini naanzia nyumbani.

Nimelelewa Woodley, kwenye zile nyumba za zamani za kanju karibu na Adams. Wazazi wangu waliniasili nikiwa mtoto mchanga, na hawakuwahi kunificha. Wakanipa jina la Guka, vile Wakikuyu humpa mvulana wa kwanza jina la baba ya babake.

Guka alipofariki, kijitabu cha mazishi kilitaja wajukuu wote isipokuwa mimi. Jina langu lilikuwa kwenye jalada, juu ya picha yake, lakini ndani halikuwepo. Nikamuuliza shangazi mmoja, nikidhani ni makosa ya wachapishaji. Akaniambia polepole, "Usichukulie vibaya. Ni mambo ya shamba."

Mambo ya shamba! Hayo maneno yalinikaa kichwani mpaka nikaanza kusoma.

Mwaka wa 1938, Jomo Kenyatta alichapisha kitabu chake Facing Mount Kenya. Humo anaeleza vile Wakikuyu walivyopata ardhi Kiambu, hapa jirani tu, kutoka kwa Wandorobo, wawindaji waliotangulia kuishi kwenye misitu ile. Ardhi haikupewa mtu baki hivi hivi. Kwanza familia hizo mbili ziliasiliana: mnyama akachinjwa, viapo vikaliwa, na kuanzia siku hiyo wakahesabiwa ndugu. Shamba lilifuata undugu.

Kenyatta mwenyewe alilelewa na baba wa pili. Babake, Muigai, alipofariki, mamake alichukuliwa na Ngengi, ndugu ya marehemu, na kijana akajulikana kama Kamau wa Ngengi.

Sisemi zamani ilikuwa peponi. Hadithi za yatima na mama wa kambo hazikutoka hewani. Lakini angalia tulivyogeuka: wazee walifanyana ndugu ndipo wagawane shamba, na sisi tunamfuta ndugu ndio tusigawane naye.

Na usiniambie ni sheria. Sheria ya Watoto ya 2001 ilisema wazi, na ile ya 2022 iliyochukua nafasi yake ikashikilia hapo hapo: mahakama ikishatoa amri ya kuasili, mtoto huyo ni kama amezaliwa na wazazi wake wapya, hata kwa urithi. Hakuna nusu mtoto.

Shida ni kwamba hakimu haji mazishini. Hayuko mezani Krismasi, wala hasikii mtu akinong'ona "yule wa kuokota." Hapo wanaobaki ni watu wa nyumbani.

Siku ile, wajukuu walipoitwa kaburini, nilibaki nyuma ya hema. Shosho akasimamisha kila kitu. "Mume wangu yuko wapi?" akauliza. Hivyo ndivyo ameniita tangu utotoni, kwa sababu ya lile jina. "Hatumwagi mchanga bila yeye." Nikapita katikati ya watu wote, shangazi akiwemo, nikachukua koleo.

Sijui kama nitawahi kupewa shamba, na siku hiyo sikujali.

Kama kwenu kuna mtoto kama mimi, usingoje Shosho ajitetee naye kaburini. Ulizia ile orodha mapema, kabla haijaenda kuchapishwa.