Simba wa 1964: nani alikuwa mukubwa?

Mu kijitabu hiki tunazungumzia sana desturi za wazee wetu. Leo tuangalie dawa, lakini ile iliyoingia vitani mwaka wa 1964, maana inatufundisha kitu juu ya uongozi.

Simba walikuwa na wakubwa wa namna tatu. Wa kwanza ni wanasiasa, wafuasi wa Lumumba. Mwezi wa 10 mwaka wa 1963 walianzisha Baraza la Taifa la Ukombozi (CNL) kule Brazzaville. Lakini baraza lilipasuka upesi: wamoja kwa Christophe Gbenye, wengine kwa Bocheley-Davidson. Gaston Soumialot akatumwa Burundi, awashe moto huku kwetu mashariki. Wa pili ni wanajeshi wa Jenerali Nicolas Olenga. Hawa walikamata Kindu mwezi wa 7 mwaka wa 1964, na Stanleyville, ndiyo Kisangani ya leo, mwezi wa 8. Wa tatu ni waganga.

Kijana hakufanywa Simba kwa karatasi. Alichanjwa chale, akanyunyiziwa maji, akapewa masharti: usiibe, usiguse mwanamke, usigeuke nyuma. Mwenzake akianguka kwa risasi, walisema: alivunja sharti. Hivi dawa haikukosea hata siku moja. Kwa kweli ile njo ilikuwa sheria ya jeshi, na ilishika vijana kuliko amri ya ofisa.

Serikali yenyewe ilitangazwa tarehe 5 mwezi wa 9, mwezi mzima kisha muji kukamatwa: Gbenye rais, Soumialot waziri wa ulinzi. Tayari damu ilikuwa imemwangika. Makarani, walimu na watu wa vyama vingine waliuawa Kindu, na Stanleyville mbele ya sanamu ya Lumumba mwenyewe. Sisi walimu hatuwezi kupita hapo bila kusimama. Nani ajibu? Mwanasiasa alionyesha mwanajeshi, mwanajeshi akaonyesha vijana, na mganga akasema masharti yalivunjwa.

Tarehe 24 mwezi wa 11 paratrupa wa Ubelgiji walishuka, muji ukaanguka. Viongozi walikimbilia inje, na kule pia wakagombana.

Fahali wawili hawakai zizi moja. Hapa walikuwa watatu. Katika desturi yetu mganga anatoa sharti, lakini mwami na wazee njo wanajibu juu ya damu. Simba walichukua dawa ya wazee, wakaacha baraza lao nyuma.