Stima yako na maji ya Turkana

Kwa ramani ya Kenya, Ziwa Turkana ni ule mstari mrefu wa buluu huko juu kabisa, upande ambao wengi wetu wa Nairobi hatujawahi kufika. Ziwa lenyewe halina mto wa kulitoa maji. Yanaingia, jua linayanywa, basi. Na zaidi ya asilimia 80 ya maji hayo yanaletwa na mto mmoja tu, Omo, unaoteremka kutoka milima ya Ethiopia.

2006 Ethiopia ikaanza kujenga bwawa la Gibe III kwa huo mto. Ukuta wa zaidi ya mita 240 kwenda juu, megawati 1,870. Kampuni ya Italia, Salini, ilipewa kazi bila zabuni ya ushindani, na ripoti ya mazingira ikapitishwa 2008, miaka miwili baada ya kazi kuanza. Ni kama ujenge nyumba, uezeke, halafu ndio uende kuulizia ploti ni ya nani.

Sasa, hapa watu huchanganya mambo. Maji ya bwawa la stima hayaliwi. Yanazungusha mitambo, yanarudi mtoni. Mimi pia nilidhani hiyo inamaliza mjadala. Lakini Omo ulikuwa na tabia yake: kila mwaka, karibu Agosti na Septemba, unafurika. Maji yakishuka yanaacha tope lenye rutuba ukingoni, na jamii kama Mursi na Daasanach wanapanda mtama hapo hapo. Yakifika ziwani yanaleta chakula cha samaki, na samaki wengi wanazaa kwa kufuata hayo mafuriko. Mitambo haitaki mafuriko. Inataka maji yatoke sawasawa mwaka mzima. Kwa hivyo hata kama mto haukupoteza tone, kalenda yake imevurugwa.

Halafu kuna miwa. 2011 serikali ya Ethiopia ilianza mradi wa Kuraz, mashamba makubwa ya miwa huko chini ya Omo, yanayonyweshwa kwa mifereji ya kutoka mtoni. Hayo maji ndiyo hayarudi. Na bila bwawa la kutuliza mto huko juu, mashamba ya ukubwa huo yangekuwa ndoto tu.

Huku Kenya aliyewasha moto ni Ikal Ang'elei, binti wa Turkana aliyekuwa na miaka ishirini na kitu. Alisikia habari ya bwawa akifanya kazi na Turkana Basin Institute, akaanzisha Friends of Lake Turkana. Walizunguka kwa wazee na wavuvi, wakaandikia benki moja baada ya nyingine. Na ikafanya kazi, manze. Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na ile ya Uwekezaji ya Ulaya zote zilikaa kando, hazikufadhili ukuta. Agosti 2011 Bunge letu likapitisha hoja kwamba ujenzi usimame kwanza athari zichunguzwe. 2012 Ikal akapewa tuzo ya Goldman.

Ukiishia hapo utadhani walishinda. Kumbe pesa ya mitambo ilitoka benki ya China, ICBC. Na mwaka huo huo wa 2012, Benki ya Dunia, ile ile iliyokataa bwawa, ikaidhinisha dola milioni 684 za kujenga laini ya kuleta stima ya Ethiopia hadi Suswa. Ukuta ni mbaya, waya ni sawa! Serikali yetu nayo ilikuwa na Bunge linalosema simamisheni, na maafisa wanaosema tutanunua ngapi. Hilo ndilo linaniuma kuliko yote. Tunapenda kusema Ethiopia ilitufanyia. Ethiopia ilikuwa na mteja, na mteja ni sisi. Mpaka 2014 ilibidi mahakama ya mazingira iamuru serikali itoe habari za mikataba hiyo ya stima.

Bwawa lilianza kujazwa Januari 2015. Ndani ya miaka miwili ziwa lilikuwa limeshuka karibu mita moja na nusu. 2018 UNESCO ikaliweka kwa orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini.

Alafu likapanda. Mvua kubwa za kuanzia 2019 ziliinua maziwa yote ya Bonde la Ufa, Baringo, Naivasha, na Turkana pia. Nyumba za El Molo zikamezwa, hadi makaburi. Ndio maana leo kuna wasee wanacheka, ati si mlisema litakauka? Haki, waliotabiri ukame wa haraka wana jambo la kujibu. Lakini mvua ndiyo iliyojaza, na mvua haina mkataba na mtu. Ziwa lililojaa pia bado linategemea mto ambao mafuriko yake yanafunguliwa na kufungwa na mtu ofisini.

Stima ya Ethiopia ilianza kuingia gridi yetu Novemba 2022, megawati 200. Haina lebo, huwezi jua tokeni yako ina Omo kiasi gani. Mkataba ni wa miaka 25. Ukiisha nitakuwa na miaka arobaini na kitu, na pengine ndio nitakuwa nimefika Loiyangalani mara ya kwanza.